Jino la Saba

Sevelina aliniletea reki ya dukani
imevunjika shingo, meno kumi na manne ya bati,
akaitupa juu ya benchi langu pale Mwanga
kama mtu anayerudisha mkwe kwa wazazi wake.
"Hii," akasema, "kaibuni mtu
ambaye hajawahi kugeuza dagaa."

Nikaishika. Kweli.
Meno yamepinda kama kucha, ya kuchokonoa,
ya bustani za watu wenye majani ya kuchezea.
Kibirizi hakuna majani. Kuna mchanga,
na juu ya mchanga, saa moja asubuhi,
kuna fedha imelala chali inangoja jua.

Ya kwanza niliifanya kwa misumari ya inchi tatu.
Ikachana. Vichwa huku, viwiliwili kule,
na mnunuzi wa Kasulu hanunui vichwa.
Ya pili, mti mtupu, meno yamesongamana kama ya kitana:
ikawasukuma wote wakawa kichuguu,
wa chini wakavunda kabla ya adhuhuri.
Sevelina hakugomba. Alinipa dagaa watatu.
"Pima hawa," akasema. "Mbao utapima baadaye."

Nikawalaza benchini, kati ya randa na tindo,
paka wa jirani akinisimamia kazi.
Siku nzima nilikuwa nahangaika na jino,
kumbe swali ni pale pasipo na jino:
mchanga upite,
dagaa asipite, wala asinase,
apinduke tu, kama mtoto aliyelala
unapomvuta shuka taratibu.

Mpini niliupima kwake.
Simama, nikamwambia, simama
kama unavyosimama ukiwa hujachoka.
Akacheka sana. Akajaribu mara mbili, akashindwa,
miaka kumi na tisa ameinamia ufukwe ule.
Basi nikapima kisigino hadi kwapa,
nikaongeza kiganja kimoja.
Mninga wa Uvinza. Nikauparua kwa kipande cha chupa
mpaka ukaacha kuuma.
Mgongo wa reki nikauacha bapa,
wa kusawazisha mchanga kabla ya kuanika,
maana mchanga wenye mashimo humeza samaki
kama mfuko uliotoboka.

Jino la saba lilipasuka nikiligongea.
Umeme umekatika, gundi imekwisha,
duka la Ntezidyo limefungwa.
Nikaacha pengo. Kesho, nikasema.
Alfajiri Sevelina akaja kuichukua, hakuuliza,
akalipa nusu noti, nusu dagaa.

Juzi nimeteremka Kibirizi kwa shughuli nyingine,
nikahesabu reki ishirini na moja.
Hakuna hata moja iliyotoka mikononi mwangu.
Meno ya mti. Mgongo bapa.
Nafasi ile ile ya dagaa wangu watatu.
Na zote,
kuanzia chelezo hadi kwa wauza chumvi,
jino la saba hazina.

Binti mmoja, hata begani kwa Sevelina hafiki,
anapigana na mpini uliopimiwa kwapa la mwenzake.
Nikamwuliza: hili pengo la nini?
Akanitazama kama mgeni aliyeshuka na meli asubuhi ile.
"Hapo," akasema, "ndipo upepo unapopita.
Bila hilo dagaa hawakauki. Hamjui huko kwenu?"

Nikanyamaza. Ningesema nini?
Akaivuta reki kuelekea majini,
mchanga ukaandikika mistari kama daftari jipya,
na katikati ya mistari, kila alipopita,
ukabaki ukanda ambao haukuguswa,
upana wake sawasawa na kesho yangu.

Leo nimekata mpini mfupi.
Nimekisia tu, kwa kukumbuka kimo chake.
Meno sita nimeshayapachika upande huu,
matano upande ule.
La saba ninalo mkononi, limekwishachongwa,
na gundi safari hii ipo.